Kisulisuli, mkondo au kimbunga? Jinsi ya kuchagua neno la maji yanayozunguka

Ukiangalia video za maji yanayozunguka mtandaoni halafu ukashuka chini kusoma watu walichoandika kwa Kiswahili, utakuta kila mtu na lake, huyu kaandika kimbunga, yule mkondo, mwingine tufani, mwingine kisulisuli, na wote wanaangalia maji yale yale. Mi naona hili linatakiwa kurekebishwa na sababu yangu sio ya kimwalimu. Kila neno hapo linasema maji yanafanya nini, na maji yakiwa yamembeba mtu hiyo ndo habari ya kwanza inayotakiwa. Ukipiga simu ukasema amechukuliwa na mkondo, anayekuja kuokoa ataenda kumtafuta huko mbele maji yanakoelekea. Ukisema amenaswa kwenye kisulisuli cha maji, ataanza pale pale alipoonekana mara ya mwisho, kwasababu maji yanayozunguka yana tabia ya kushikilia kitu.

Kwahiyo njia ninayoipendekeza ni kuacha maneno kwanza, angalia kinachotokea, afu ndo uchague. Na cha kwanza kuangalia ni hiki: kinachozunguka ni hewa au ni maji?

Maana kisulisuli kwa wengi ni neno la upepo kabla halijawa la maji. Ni ule upepo unaonyanyua vumbi na majani makavu, unazunguka nayo kwenda juu, baada ya muda mfupi umepotea. Waliosoma habari za Eliya kwenye Biblia ya Kiswahili wanakumbuka alipanda mbinguni kwa upepo wa kisulisuli, na Ayubu naye alijibiwa kutoka kwenye upepo huo huo. Ndo maana ukilitaja neno peke yake, bila nyongeza yoyote, msikilizaji anawaza upepo. Ukitaka maji sema kisulisuli cha maji, angalau mara ya kwanza, ukishaeleweka kwamba uko majini unaweza kuendelea na kisulisuli tu na hakuna atakayepotea. Wapo wanaosema chamchela, hilo nalo ni la upepo, mi ningeliacha huko huko. Na angalia usikate ile ki- ya mwanzo, sulisuli ni samaki.

Kuna sehemu moja hapa inachanganya hata waandishi wazoefu. Upepo wa kisulisuli unaweza kutokea juu ya bahari au ziwa, unaona mnara mwembamba umeshuka kutoka mawinguni mpaka umegusa maji, na chini yake maji yanarushwa pande zote. Mtu anaona maji, anaona mzunguko, anaandika kisulisuli cha maji. Lakini kinachozunguka pale ni hewa, maji yameguswa tu. Andika upepo wa kisulisuli juu ya bahari, au juu ya ziwa, ni maneno mengi kidogo lakini hayadanganyi.

Kimbunga ni kitu kingine kabisa na hapa ndo watu wanakosea zaidi. Kimbunga ni mfumo mzima wa hali ya hewa, una upana wa mamia ya kilomita, unaishi siku kadhaa, unafuatiliwa kwa satelaiti na unapewa jina. Idai uliopiga Beira kule Msumbiji Machi 2019 ni kimbunga. Hidaya uliosogelea pwani ya Tanzania Mei 2024 ni kimbunga. Kinazaliwa juu ya bahari yenye maji ya joto, ndio, lakini chenyewe ni upepo na mawingu na mvua. Sasa shimo la maji lenye upana wa mita kumi mtu akiliita kimbunga cha maji anampa msomaji picha ya janga la nchi nzima. Tufani na dhoruba nazo hazifai hapa kwa sababu tofauti, hayo maneno yanasema ukali wa hali ya hewa tu, hayasemi lolote kuhusu kuzunguka. Bahari inaweza kuwa na dhoruba siku tatu bila kisulisuli hata kimoja, na kisulisuli cha maji kinaweza kutokea mchana wa jua kali, upepo umelala kabisa.

Ukishajua ni maji, angalia cha pili: yanakwenda au yanarudi pale pale? Yakienda ni mkondo. Mkondo una upande unakotoka na upande unakoelekea, hata ukipinda bado unasafiri. Ni neno pana na Kiswahili kimelitumikisha vizuri, kuna mkondo wa mto, mkondo wa bahari, mkondo wa umeme, shuleni kuna kidato cha kwanza mkondo A na mkondo B, na kila siku kwenye habari tunasikia sheria ichukue mkondo wake. Kote humo kuna kitu kinafuata njia yake kwenda mbele. Pia mabaharia wanaita mkondo ile njia yenyewe ya maji kati ya nchi kavu mbili, kama mkondo wa Nungwi kati ya Unguja na Pemba, ambao jina lake lilisikika sana Septemba 2011 ilipozama meli ya MV Spice Islander. Kwahiyo ukisoma "walipofika kwenye mkondo" angalia kama ni mahali au ni maji yanayovuta, mara nyingi ni vyote viwili.

Mkondo mmoja naomba tuukazie kwasababu unaua watu na unaitwa majina yasiyo yake. Ni ule wa ufukweni, unaotoka kwenye maji mafupi kuelekea bahari kubwa. Mawimbi yanaleta maji ufukweni muda wote, hayo maji lazima yarudi, yanatafuta pengo kati ya mafungu ya mchanga au pembeni ya mwamba na yanatoka hapo kwa nguvu kwenye kanjia kembamba. Kasi yake kwa kawaida ni kama nusu mita kwa sekunde, ila imewahi kupimwa ikafika karibu mita 2.4 kwa sekunde na hapo hata muogeleaji wa Olimpiki hawezi kushindana nayo. Watu wanasema "kisulisuli kilimvuta chini". Hapana. Huu mkondo hauvuti chini, unapeleka mbali na nchi kavu, na anayekufa mara nyingi ni yule aliyepigana nao kurudi moja kwa moja ufukweni mpaka nguvu zikamwisha. Unatakiwa uogelee kwa ubavu, sambamba na ufuo, mpaka utoke kwenye ule uchochoro, ndo ugeuke kurudi, na ukishindwa elea, inua mkono, piga kelele. Ukiuita mkondo wa kurudi baharini mtu anaelewa papo hapo kwamba una upande, na kitu chenye upande unaweza kukitoka pembeni. Ukiuita kisulisuli umemwondolea hiyo akili.

Sasa kisulisuli cha maji chenyewe. Maji yanazunguka sehemu moja, katikati pamebonyea au pana shimo kabisa, na vitu vinavyoelea vinazungushwa vikielekea kati. Ukiona hivyo tumia neno hilo bila wasiwasi. Kinatokea kwa njia mbili kubwa, na njia hizo zinaamua kitenzi utakachotumia.

Njia ya kwanza maji yana pa kutokea chini. Hapa vitenzi kama kumeza, kunyonya na kufyonza vinafaa kweli. Mfano mkubwa ninaoujua ni wa tarehe 20 Novemba 1980, Ziwa Peigneur, Louisiana, Marekani. Lilikuwa ziwa lenye kina cha mita 3 hivi tu, watu walikuwa wanachimba kutafuta mafuta, keekee ikatoboa mgodi wa chumvi uliokuwa chini ya ziwa, maji yakaanza kushuka mgodini, tundu likapanuka kwasababu chumvi inayeyuka, na juu kikatokea kisulisuli kilichomeza mtambo wa kuchimbia, matishari 11, miti na kipande cha ardhi ya pembeni. Mfereji uliokuwa unatoa maji ziwani kupeleka baharini ukageuza, ukawa unaleta maji ya bahari ziwani. Wachimbaji wote waliokuwa chini walitoka wazima na hakuna mtu aliyekufa, jambo ambalo nikilifikiria bado nashangaa. Hapo ukiandika "kisulisuli kilimeza matishari" hujaongeza chumvi.

Njia ya pili hakuna tundu lolote chini. Maji ya kasi yanapita ubavuni mwa maji yaliyotulia au yanayokwenda upande mwingine, pale yanapokwaruzana yanaanza kujizungusha. Visulisuli maarufu vya baharini karibu vyote ni vya namna hii na vinaendeshwa na maji kujaa na kupwa. Saltstraumen kule Norway, karibu na mji wa Bodø, ni njia ya maji yenye urefu wa kilomita 3 hivi na upana wa mita 150 hivi tu, na maji yote ya kujaa na kupwa ya ghuba iliyo nyuma yake lazima yapite hapo. Kati ya visiwa vya Jura na Scarba huko Scotland kuna Corryvreckan, chini yake kuna mwamba uliosimama kutoka kilindini na maji yakiugonga yanapanda juu na kuvurugika. Japani kuna Naruto, kati ya Shikoku na kisiwa cha Awaji, wakati wa bamvua, siku ambazo maji yanajaa na kupwa kuliko kawaida, visulisuli vyake vinafika upana wa mita 20 hivi na boti za watalii zinakwenda karibu kuangalia.

Hizo boti zinarudi na abiria wake. Nalisema hili kwasababu mtu akisikia kisulisuli cha Naruto anaandika "kinachomeza meli", wakati pale hakuna tundu la kupeleka meli popote. Kwa ngalawa ndogo, kayaki au muogeleaji hatari ni kubwa sana, chombo kinageuzwa, mtu anachoka, maji yanayoshuka kwa vipindi yanamzamisha. Vitenzi vyake ni kuzungusha, kuvuta, kupindua, kuzamisha. Kumeza kiache kwa Peigneur.

Kingine nnachokipenda kwenye hivi vya kujaa na kupwa ni kwamba vina saa zake. Maji yakiwa yanaingia kwa nguvu vipo, yakisimama kabla ya kugeuka vinapotea kabisa na bahari inakuwa shwari, yakianza kutoka vinarudi. Kwahiyo mkondo unaweza kusema upo, unapita hapo, ila kisulisuli sema kinatokea, kinaanza, kinakua, kinafifia. Ukiandika "kuna kisulisuli hapo" bila kutaja wakati, msomaji anayepita saa maji yametulia atadhani umemdanganya, na siku nyingine atapita saa mbaya.

Kuna maji mengine yanayozunguka ambayo mi nisingeyaita kisulisuli, nayo ni yale ya nyuma ya jiwe mtoni. Mto ukipiga jiwe kubwa maji yanagawanyika pembeni, na nyuma ya jiwe panabaki sehemu ambayo maji yanajigeuza na kurudi polepole kuelekea juu kulikotoka mto. Hakuna shimo katikati, mara nyingi pametulia kuliko mto wenyewe, na wapiga kasia wa kayaki wanapatumia kupumzika na kupanga njia inayofuata. Yaite maji ya kurudi, au maji yanayorudi nyuma ya jiwe. Mpaka kati ya maji hayo na mto unaokimbia unaonekana kwa macho, ni mstari wenye mizunguko midogo midogo na povu, na ukivuka huo mstari ovyo mtumbwi unapinduka kwasababu nusu ya chombo inavutwa huku na nusu kule. Nyuma ya nguzo ya daraja utaona kitu cha jamii hiyo, mizunguko inachomoka kwa kupokezana, mmoja kulia mmoja kushoto, mpangilio ambao Theodore von Kármán, mtaalamu wa mwendo wa hewa na maji, aliueleza kihesabu mwaka 1911.

Na kuna ya hatari kuliko yote mtoni ambayo haina hata sura ya kuzunguka ukiitazama kutoka juu. Chini ya ukuta mfupi uliojengwa kukatiza mto, maji yanaanguka, yanakwenda chini, yanapanda mbele kidogo halafu uso wake unarudi kuelekea ukutani. Mzunguko upo lakini umelala, kama gogo linaloviringika pale pale. Kitu kikiingia kinapelekwa chini, kinatoka juu, kinarudishwa ukutani, kinapelekwa chini tena, na mtu aliyenaswa humo hawezi kutoka kirahisi hata akiwa na jaketi la kuokolea. Waokoaji wamekufa humo wakimfuata aliyenaswa. Hapa sitafuti neno zuri, naomba useme kwa kirefu: maji yanajiviringisha chini ya ukuta na yanarudisha kila kitu ukutani. Ukisema tu "maji yametulia hapo chini" umempeleka mtu kufa. Usiingie kumfuata, rusha kamba kutoka nchi kavu.

Kwenye kisulisuli cha kawaida ushauri ni tofauti na ni vizuri ukiandika habari uuweke: kaa mbali kwanza, na ukiwa umeshaingia usipigane na mzunguko, nenda nao huku unajisukuma kuelekea ukingo wa nje, kwasababu kadiri unavyosogea katikati ndivyo maji yanavyozunguka kwa kasi zaidi.

Tukitoka kwenye udogo tuje kwenye ukubwa, kuna mizunguko ya bahari ambayo huwezi kuiona kwa macho ukiwa ndani yake, siku hizi inaonekana vizuri kwa satelaiti. Upepo wa msimu wa kusi, unaotoka kusini, ukishika, pwani ya Somalia kunatokea mzunguko wa maji wenye upana wa mamia ya kilomita, umeandikwa na wanajiografia tangu 1866, na unakaa kwa miezi. Mkondo wenyewe wa Somalia unageuka kufuata majira, wakati wa kusi unakwenda kaskazini, wakati wa kaskazi, upepo unaotoka kaskazini, unarudi kusini, ni mikondo michache sana duniani inayogeuka hivyo. Kati ya Msumbiji na Madagaska nako mizunguko yenye upana wa kilomita 300 hivi inashuka kuelekea kusini, na meli inakatiza katikati bila abiria yeyote kuhisi kitu. Sasa ukiita hiyo kisulisuli mtu anaona shimo lenye upana wa kilomita 300. Sema mzunguko wa maji ya bahari, taja upana wake, inatosha.

Wengi wanapenda kuongeza mwelekeo, kwamba kusini mwa ikweta maji yote yanazunguka kufuata saa na kaskazini kinyume cha saa. Kwa vimbunga ni kweli, dunia inapozunguka inapinda mwendo wa vitu vikubwa na vimbunga ni vikubwa vya kutosha. Kwa sinki la jikoni, beseni au kisulisuli cha mtoni usiandike hivyo. Nguvu hiyo ni ndogo mno kwa vitu vidogo, kinachoamua ni umbo la chombo na maji yaliingiaje. Ascher Shapiro wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, aliionyesha mwaka 1962 lakini ilibidi atumie tangi pana lenye upana wa karibu mita 2, maji yakaachwa yatulie siku nzima na tundu likawa dogo sana katikati, na mwaka 1965 watafiti wa Sydney, Australia, kusini mwa ikweta, wakafanya hivyo hivyo wakapata mzunguko wa upande wa pili. Kwahiyo kwa kisulisuli cha kweli angalia kinazunguka upande gani ndo uandike, usikisie kwa kuangalia ramani.

Sarufi haina shida sana. Kisulisuli kiko ki-/vi-, kisulisuli kikubwa kinazunguka, visulisuli vikubwa vinazunguka, ila ukisema upepo wa kisulisuli kitenzi kinafuata upepo, upepo wa kisulisuli unavuma, sio kinavuma. Mkondo ni m-/mi-, mkondo mkali unavuta, mikondo mikali inavuta. Maji ni ya-, na hapa naona makosa mengi kwenye posti, "maji inazunguka", tafadhali yanazunguka.

Kwa lugha ya mafumbo fuata tabia ile ile ya maji. Mazungumzo yakibadilika yakaelekea kwingine yamechukua mkondo mpya, hapo kisulisuli hakifai. Mtu anayekopa kulipa deni, halafu anakopa tena kulipa lile la pili, na kila mwezi anajikuta pale pale huku anazidi kuzama, huyo yuko kwenye kisulisuli cha madeni na neno limekaa sawa kabisa. Ila "kisulisuli cha maendeleo" nilichokiona kwenye tangazo moja hakiwezekani, maana kinasema watu wanazungushwa hapo hapo hawaendi popote, mwandishi alitaka kasi na angesema mkondo.

Chukua sentensi kama hii: "Vijana wawili wamesombwa na kimbunga cha maji wakiogelea baharini." Uliza mashuhuda. Kama walionekana wanapelekwa mbali na ufuo, andika walisombwa na mkondo wa kurudi baharini. Kama walizungushwa sehemu moja karibu na miamba, andika walinaswa na kisulisuli cha maji karibu na miamba, na kitenzi kibadilike pia, maana kusomba ni kubeba na kwenda nacho. Kama mashuhuda hawakuona vizuri andika walizidiwa na maji, na uishie hapo.